Ndugu, muuguzi wa kujitegemea au kampuni: nani amtunze mgonjwa wa kiharusi nyumbani?

Baba aliruhusiwa kutoka hospitali siku ya kumi na moja baada ya kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umelegea, maneno yanatoka nusunusu, na alikuwa na mpira wa mkojo. Sukari anayo miaka mingi na anachoma insulini. Presha ilikuja baadaye. Tulimfikisha nyumbani Tabata, majirani wakaja kutoa pole, wakaondoka, na magharibi ikatukuta sebuleni tunatazamana: nani anabaki naye?

Katika miezi kumi na minne iliyofuata tulizipita njia ambazo familia nyingi za Dar es Salaam huzipita. Tulianza na ndugu, binti wa shangazi kutoka Korogwe. Baada yake tukamwajiri muuguzi wa kujitegemea, mama mtu mzima mwenye leseni. Kisha kampuni, tena mbili kwa nyakati tofauti. Watu wakisikia hayo huniuliza, "Mtu mzuri mlimpata wapi?" Mtu mzuri tulikuwa naye tangu siku ya kwanza. Yule binti alimpenda baba kama baba yake mzazi. Bado dawa zilikosewa na bega likaumizwa, kwa sababu hapakuwa na aliyeandika, aliyekagua, wala wa kumpokea zamu. Basi katika kulinganisha sitauliza nani ana moyo mzuri. Nitauliza kazi inaendeshwaje, na kosa likitokea linaonekana lini.

Kampuni zipo za aina mbili

Nianze na hili kwa sababu ndilo lililotugharimu zaidi. Kuna kampuni ambayo kazi yake ni kukutafutia mtu. Inachukua ada yake mara moja, na kuanzia siku hiyo mhudumu ni mfanyakazi wako. Na kuna kampuni inayoajiri: mhudumu ana mkataba nayo, inampangia zamu, inamlipa mshahara, na wewe unalipia huduma. Kwenye mabango na kwenye simu zote mbili hujiita kampuni ya huduma za nyumbani.

Ya kwanza tuliyoichukua ilikuwa ya kututafutia mtu, na hatukulijua hilo hadi mhudumu alipoumia mgongo. Alimnyanyua baba peke yake alfajiri, akashikwa na maumivu pale pale, akashindwa kusimama. Nilipopiga ofisini kwao nikajibiwa, "Dada, huyo ni mfanyakazi wenu." Tukausoma mkataba upya. Kweli, ndivyo ulivyoandikwa, na sisi ndio tuliotia saini.

Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria hiyo. Mchango wake unalipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kampuni yoyote liwe hili: mhudumu akiumia nyumbani kwangu, anatibiwa na nani, na namba yenu ya WCF ni ipi? Kampuni ya pili ilitupa namba hiyo kabla hatujamaliza kuuliza. Ukimwajiri ndugu au muuguzi mwenyewe, mwajiri ni wewe, na wajibu wa mwajiri ni wako hata kama mlikubaliana kwa maneno tu mbele ya kikombe cha chai.

Saa nane usiku

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa usiku na mchana. Kawaida tuliyofundishwa wodini ni kila baada ya saa mbili. Ngozi ya kisigino, ya nyonga na ya chini ya mgongo ikibanwa muda mrefu inakosa damu, na kidonda cha kulalia kinaweza kuanza kwa doa jekundu ambalo asubuhi unaliona dogo. Sasa hesabu. Kama mhudumu ni mmoja na analala nyumbani kwako, na mgonjwa anageuzwa saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi usiku, mhudumu huyo halali. Kesho yake ndiye anayepima insulini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi 6. Ukijumlisha na saa za ziada, siku isizidi saa 12. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine kuwe na mapumziko ya saa 12 mfululizo, ambayo kwa anayeishi pale pale kazini yanaweza kushuka hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi. Kila wiki apate saa 24 za kupumzika. Wiki moja ina saa 168. Zigawe kwa 45, utaona mgonjwa wa kuangaliwa usiku na mchana anahitaji karibu watu wanne. Sisi tulimpa kazi hiyo binti mmoja wa miaka ishirini na miwili, tukamsifu kwa uvumilivu.

Kwa saa za kazi, kampuni inayoajiri inawashinda wengine wote, mradi ina watu wa kutosha. Ya pili ilileta wawili kwa zamu za saa 12 na wa tatu wa kupokezana siku za mapumziko. Muuguzi wa kujitegemea alikuja mchana tu, akatuambia wazi tangu mwanzo kwamba usiku hafanyi kwa kuwa hawezi kufanya vyote viwili vizuri. Nilimheshimu sana kwa neno hilo. Ndugu hatakwambia amechoka. Atanyamaza hadi siku atakapolala na mgonjwa akadondoka.

Usimuulize mwenye kampuni kama wana watu wa usiku. Kila mmoja atakwambia wapo. Muulize: zamu ya usiku inapokelewa saa ngapi, na anayeondoka anaondoka kabla mwenzake hajafika? Jibu sahihi ni moja tu.

Dawa na daftari

Mwezi wa pili baba alipewa dawa ya presha mara mbili asubuhi moja. Binti alimpa saa moja, mdogo wangu akapita saa mbili akaona vidonge mezani, akampa tena. Akaanza kuona kizunguzungu, tukamlaza miguu juu, tukapiga simu kwa daktari, mchana akawa sawa. Hakuna aliyefanya vibaya kwa makusudi. Hapakuwa na mahali pa kuona kwamba dawa imeshatolewa.

Muuguzi wa kujitegemea alipoanza alinunua kaunta buku siku ile ile. Akapiga mistari kwa rula: tarehe, saa, dawa, kipimo, aliyetoa, sukari kabla ya kula, presha, mkojo, choo. Alikuwa na kanuni moja ambayo nimeishika hadi leo: insulini ya chakula haichomwi mpaka sahani iwe mezani na mgonjwa ameonyesha anakula. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kugoma kula katikati, na insulini ikishaingia haitoki. Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, na kwa mtu ambaye maneno yake yamepotea dalili hizo ni rahisi kupita bila kuonekana. Mkasi, glukosi na namba ya daktari alivibandika pembeni ya jokofu, ambamo chupa za insulini zisizofunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu.

Kwa ujuzi, yule mama hakuna aliyemfikia. Lakini alipopata msiba akaenda Kibaha kwa siku tano, kaunta buku likaenda naye mkobani. Lilikuwa lake. Siku tano hizo tulikuwa gizani, hatujui hata mpira wa mkojo ulibadilishwa lini. Ukimchukua muuguzi wa kujitegemea, nunua daftari wewe, liandike jina la mgonjwa, na mkubaliane kwamba halitoki nje ya mlango. Picha ya ukurasa wa siku itumwe kwa mtu mmoja wa familia kila jioni.

Kampuni ya kwanza ilikuwa na fomu zilizochapwa kwa rangi, zenye nembo. Ijumaa moja asubuhi nilizipitia nikakuta visanduku vya Ijumaa jioni vimeshatiwa alama. Mhudumu alikuwa anajaza siku nzima kwa mkupuo asubuhi, na msimamizi aliyesaini chini hakuwahi kukanyaga kwetu wiki ile. Fomu nzuri inayojazwa kabla ya kazi ni mbaya kuliko kutokuwa na fomu, kwa sababu inakutuliza. Kampuni ya pili ilikuwa na karatasi za kawaida za fotokopi, lakini msimamizi wake alifika kila Jumatano, akahesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti, akalinganisha na karatasi. Mara moja vilizidi viwili. Aliketi na mhudumu mezani kwetu nusu saa hadi wakapata siku iliyorukwa. Hakumgombeza, na karatasi hazikuanza kudanganya.

Nilichojifunza kuomba ni hiki: nionyesheni karatasi ya dawa ya wiki iliyopita ya mgonjwa mwingine, jina likiwa limefunikwa. Kama kila kisanduku kimejaa, wino mmoja, mwandiko mmoja, hakuna hata "amekataa" wala "ametapika", endelea kutafuta.

Kumnyanyua

Bega la upande uliopooza halina misuli yenye nguvu ya kulishika. Ukimvuta mgonjwa kwa mkono huo, au ukimbeba kwa kwapa, bega linaweza kuchomoka mahali pake, na maumivu yake hudumu miezi. Binti wetu alimvuta baba hivyo kila asubuhi kwa wiki sita, kwa upendo, kwa sababu ndivyo sote tunavyomwinua mtu aliyeketi. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyegundua. Alitufundisha: kiti kikae upande wenye nguvu, magoti ya mgonjwa yazuiwe na magoti yako, mshike kiunoni kwenye mkanda, hesabuni pamoja moja, mbili, tatu.

Katika hili ndugu aliyefundishwa vizuri anaweza kuwa sawa na mhudumu wa kampuni, hata kumzidi, kwa kuwa mwili wa mgonjwa anaujua. Tofauti ni nani anamfundisha na nani anarudi kuangalia. Ukienda na ndugu, lipia fiziotherapia siku mbili za kumfundisha yeye, si mgonjwa peke yake. Ukienda na kampuni, waambie siku ya kwanza wamhamishe mgonjwa mbele yako kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Mhudumu wa kampuni ya kwanza alimshika baba kwapani. Nililiona na sikusema, nikidhani wao ndio wanajua.

Usafi, kwa ufupi

Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Mikono inaoshwa kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kugusa mpira au kidonda, baada ya mkojo na choo, na baada ya kumaliza. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu. Sindano iliyotumika haifunikwi tena. Inatumbukizwa kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, na kikifika robo tatu kinapelekwa kituo cha afya. Pampasi zilizotumika zina mfuko wake. Kuhusu haya muuguzi mwenye leseni hakuhitaji kuambiwa kitu, wahudumu wa kampuni ya pili walikumbushwa na msimamizi, na kwa ndugu tulibandika karatasi juu ya sinki.

Anayekagua ni nani?

Dada yangu ni mhudumu wa wagonjwa majumbani huko Leicester. Nilipomlilia kuhusu kampuni ya kwanza alinieleza jinsi Uingereza wanavyofanya. Kwa upande wa England kuna Tume ya Ubora wa Huduma, CQC, inayosajili watoa huduma, inawakagua na kuweka ripoti hadharani mtandaoni. Inauliza maswali matano: huduma ni salama? Inaleta matokeo? Wahudumu wanajali? Inamsikiliza mtu na mahitaji yake? Inaongozwa vizuri? Dada anasema la mwisho ndilo hubeba mengine, na mimi baada ya miezi ile nakubaliana naye. Palipo na msimamizi anayefika, makosa ya dawa yanaonekana yakiwa madogo.

Kwetu kazi ya kukagua inakuangukia wewe mwenye mgonjwa, lakini huanzi mikono mitupu. Muuguzi anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Omba leseni, soma jina, soma tarehe ya kuisha, na uthibitishe na Baraza. Asiye na leseni hapaswi kuitwa muuguzi hata akivaa sare nyeupe. Mwenye leseni akikosea kwa uzembe, pana mahali pa kumlalamikia. Mhudumu ambaye si muuguzi hana baraza hilo nyuma yake, kwa hiyo mwenye kumjibia ni kampuni iliyomwajiri, au wewe. Na ndugu anajibu kwa nani? Kwa shangazi. Ndiyo sababu kumkosoa ni kugumu: neno dogo kuhusu dawa linafika Korogwe likiwa limeshakuwa "wanamnyanyasa mtoto wangu". Tulilipunguza hilo kwa kumpa mshahara wa kueleweka, siku ya mapumziko, na kwa kumwacha muuguzi, si sisi, awe ndiye anayemwelekeza.

Kwa wote watatu ulizia kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa anakoishi, na watu wawili aliowahi kuwahudumia. Piga simu zote mbili. Usiulize "alikuwa mzuri?" Uliza "aliondoka kwa sababu gani?"

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii ni picha. Kampuni ya kwanza ilikuwa na kundi la WhatsApp la wahudumu wake wote, na picha ya kidonda cha baba, uso ukionekana, ilitumwa humo kuuliza ushauri. Tuliipata kwa jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Andikeni kwenye mkataba: picha za mgonjwa zinakwenda kwa nani, na zinafutwa lini.

Ningemchukua nani

Kama mgonjwa anajigeuza mwenyewe, anakula bila kupaliwa na hachomwi sindano, mchukue ndugu, tena bila wasiwasi. Mlipe, mfundishe, wekeni kaunta buku mezani, na muuguzi apite mara moja kwa wiki kulisoma. Mgonjwa huyo hahitaji kampuni. Anahitaji mtu anayemjua na jicho la pili.

Kama kuna insulini, mpira wa mkojo au mpira wa kulishia puani, lazima muuguzi mwenye leseni awepo ndani ya mpango. Akiwa wa kujitegemea, mtafute na wa akiba wake kabla ya kuanza, wafahamiane, wote wawili waandike kwenye daftari moja. Gharama yake kwetu ilikuwa karibu nusu ya kampuni ya pili, na kwa mchana tu ilitosha.

Kama mgonjwa hajigeuzi, au watoto wote mko mbali na hakuna wa kufungua mlango ghafla, chukua kampuni inayoajiri. Ni ghali. Lakini kama pesa inaishia kwa kampuni ya kukutafutia mtu, afadhali ubaki na ndugu na muuguzi wa kupita, kwa maana kampuni ya namna hiyo inakuuzia jina na kukuachia kazi.

Sisi tumeishia mchanganyiko. Binti wa shangazi amerudi, mchana ni wake, na anasoma kozi ya huduma ya kwanza Jumamosi. Yule mama muuguzi anapita Jumatatu na Alhamisi. Usiku ni wa kampuni ya pili.

Kabla ya kutia saini nao nilifanya jambo moja ambalo nakushauri ulifanye. Kampuni tatu zilikuwa zimenipa namba za dharura. Nikaweka kengele ya simu, nikaamka saa nane usiku, nikazipiga zote. Namba moja ilikuwa imezimwa. Nyingine iliita hadi ikakatika. Ya mwisho, ya hao tuliowachukua, ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya mtu aliye macho, na kabla sijasema jina langu akauliza, "Mgonjwa anapumua vizuri?"